Fundi wa Stima Anajibu: Upepo wa Loiyangalani umekosea wapi?

Toleo lililopita niligusia stima ya upepo kwa mistari miwili tu, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia kutoka Kondele mpaka Njoro, wengi wanauliza kitu kile kile ila kila mtu na hasira zake, kwa hivyo mwezi huu maswali ya mita na waya zilizoungua nimeyaweka kando kidogo, mnivumilie.

Fundi, habari ya kazi. Mimi ni kinyozi hapa Kondele. Kila stima ikipotea nchi nzima nasikia ati ni upepo wa Turkana. Sasa upepo ukikatika huko mbali, mteja wangu hapa Kisumu aliyenyolewa nusu kichwa anahusika vipi? Na kama upepo ni kitu cha kuja na kwenda, nani alituambia tuutegemee? – Kinyozi, Kondele

Kaka, pole kwa huyo mteja, natumai alirudi kumaliziwa na hakukudai pesa yake.

Kwanza jina. Mitambo inaitwa ya Ziwa Turkana lakini iko Loiyangalani, na Loiyangalani ni Marsabit, ukiongea vibaya mbele ya mtu wa huko jiandae kurekebishwa. Iko 365, kila mmoja una uwezo wa kilowati 850, ukijumlisha unapata megawati 310. Stima yake inasafiri kwa laini moja ya kama kilomita 430 hivi mpaka sabstesheni (kituo cha kugawa stima) ya Suswa kule Narok, yaani ni mbali kuliko wewe kutoka Kondele mpaka Nairobi mjini.

Sasa shika hili. Upepo haukatiki kama mshumaa unapopulizwa. Mitambo 365 imetawanyika kwenye eneo kubwa, upepo ukipungua unapungua polepole, hawa wanapoteza kidogo, wale bado wanazunguka, na watu wa kituo cha kuongoza gridi, yaani mtandao wa nyaya za stima wa nchi nzima, wanaona namba inashuka wanafungulia maji mahali pengine kabla hujamaliza kunyoa kichwa kimoja. Kinachokatika kwa kupepesa jicho ni laini. Chukua ile siku ya tarehe 6 Septemba 2024, saa mbili na dakika 56 asubuhi. Taarifa ya Kenya Power yenyewe ilisema laini ya Loiyangalani ilitripu, yaani ilijikata yenyewe, pale Suswa ikiwa imebeba megawati 288 za upepo. Hapo upepo ulikuwa unavuma vizuri kabisa, sivyo? Halafu ikafuata laini ya Ethiopia ambayo nayo inaingia Suswa hapo hapo, ilikuwa na megawati 200. Jumla 488 zimeenda kwa mkupuo, katika nchi ambayo wakati huo hata jioni watu wote wakipika na kutazama taarifa ya habari ilikuwa inatumia kama 2,200 tu.

Kwa nini hiyo ikuguse Kisumu? Nitakueleza kwa poshomili maana nimekulia karibu na moja pale Lubao. Ile ya dizeli, ya mkanda. Injini ikizunguka tupu inaimba sauti moja, ukimwaga mahindi debe zima kwa mara moja inanguruma, inalegea, mwendo unashuka, na kama mwenye mashine hajaongeza mafuta haraka inazima na mkanda unaruka. Gridi ya nchi ni hiyo poshomili, tofauti ni kwamba injini ni nyingi na zote zimefungwa mkanda mmoja, Olkaria ya mvuke wa ardhini, Gitaru, Turkwel na Sondu Miriu za maji, zote lazima zizunguke pamoja kwa mizunguko 50 ya umeme kila sekunde. Stima haiwekwi ghalani, kile unachotumia sekunde hii ndicho kinachozalishwa sekunde hii. Injini moja kubwa ikichomoka, zilizobaki zinajikuta na mahindi yote peke yao, zinashuka mwendo. Kuna kinga mbili hapo. Ya kwanza ni zile mashine zilizoachwa na pumzi kidogo makusudi ili ziongeze mafuta au maji papo hapo, kazi hiyo inafanywa na gavana (wa injini, si yule wa kaunti, yule hana haraka hivyo). Ya pili ni kukata wateja kimakusudi, mtaa huu giza, mtaa ule giza, ili mahindi yapungue kinuni. Kama zote mbili hazitoshi, kila mtambo unajiokoa, unajitoa kwenye mkanda usije ukavunjika, na ukijitoa mmoja waliobaki wanaelemewa zaidi. Hivyo ndivyo hitilafu ya Suswa inavyokufikia wewe na mashine yako mkononi.

Mnakumbuka lakini siku hiyo sehemu za Magharibi na North Rift zilibaki na stima? Ndio ilitangazwa hivyo, na nina jamaa Bungoma walinipigia simu wakinicheka. Ukitazama ramani utaona huku kwetu kuna laini inayotoka Tororo, Uganda, inaingia Lessos. Jirani mwenye moto ana faida.

Turudi kwa upepo, maana sitaki uniambie namtetea kama wakili wake. Kuna kasoro moja ni ya kwake kweli. Ile poshomili ina gurudumu zito la chuma, na uzito huo ndio unaiokoa ukimwaga mahindi kwa fujo, unashikilia mwendo kwa sekunde chache mpaka gavana aamke. Mitambo ya mvuke na ya maji ina vyuma vizito hivyo hivyo na vimefungwa na gridi moja kwa moja. Mitambo mingi ya upepo ya kisasa inapitisha stima yake kwenye vifaa vya elektroniki kwanza, kwa hivyo uzito wa yale mapanga yanayozungushwa na upepo hausaidii gridi vile ule wa chuma cha mvuke unavyosaidia. Upepo ukiwa mwingi na mvuke mchache, gridi inakuwa nyepesi, inayumba haraka. Dawa zipo, betri kubwa zinazojibu kwa sehemu ya sekunde, au mashine nzito zinazozungushwa tu bila kuzalisha chochote, kazi yao ni kuwa nzito. Australia Kusini walijifunza kwa machozi. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha nguzo kubwa, volteji (msukumo wa stima) ikayumba mara kadhaa, mashamba ya upepo yakajitoa kwa sababu yalikuwa yamesetiwa kutovumilia mitikisiko mingi ya namna hiyo, jimbo zima giza. Hawakung'oa mitambo. Walibadilisha mipangilio hiyo, na mwaka uliofuata wakaweka betri ya megawati 100 pale Hornsdale. Na upepo wao umeongezeka tangu hapo.

Ile ya kwetu ya Agosti 25, 2023 ilikuwa na mabishano zaidi, Kenya Power wakasema mitambo ya upepo ilijitoa ndio gridi ikaanguka, wenye mitambo wakasema volteji ya gridi ilipanda kupita kiasi ndio wakalazimika kujitoa mitambo isiharibike. Mtu wa kawaida anaona hapo mmoja anadanganya. Mimi naona wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli. Laini ndefu kama hiyo ikibeba stima kidogo volteji yake inapanda yenyewe, ni tabia ya waya ndefu, na kuna vifaa vya kuishusha. Hata Uhispania na Ureno walizimika tarehe 28 Aprili 2025 kwa sababu ya volteji kupanda, na hao si maskini.

Kwa hivyo jibu langu kwako kaka ni kwamba ukitaka wa kulaumu, laumu kwanza nyumba yenye mlango mmoja. Upepo mwingi hivyo kwa njia moja, halafu na Ethiopia naye amepitishwa kibanda hicho hicho cha Suswa. Kuna mpango wa laini ya kutoka Loosuk kule Samburu mpaka Lessos, hiyo ikijengwa upepo wa Marsabit utapata njia ya pili na njia hiyo inakuja upande wetu, pamoja nayo kuna ya Kisumu mpaka Musaga karibu na Kakamega. Hiyo ndiyo ya kuuliza mbunge wako akija kunyolewa.

Fundi, nafundisha fizikia sekondari hapa Kakamega. Mwanafunzi wa fomu tatu ameniuliza kama Nakuru kuna mvuke usiolala mchana wala usiku, upepo wa nini? Nilimpa jibu la kupita njia. Nisaidie nirudi darasani na heshima. – Mwalimu, Kakamega

Mwalimu, huyo mtoto mpe zawadi, ameuliza swali ambalo wakubwa wanalipigania mezani.

Mvuke wa Olkaria ni kweli haulali na hapo ndipo shida inaanzia. Visima vya mvuke havipendi kufungwa na kufunguliwa kama bomba la jikoni, vinataka kwenda mwendo mmoja. Sisi wateja ndio tunalala. Matumizi yanapanda jioni kuanzia kama saa moja mpaka saa tatu, halafu saa nane tisa za usiku yanashuka mpaka karibu nusu ya hapo. Mvuke unabaki bila wa kumtumikia, unaachiliwa hewani. Na upepo wa Loiyangalani nao una vituko vyake, pale ni kama korongo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za kwetu, hewa inabanwa inapita kwa kasi, na kasi hiyo huwa kubwa usiku mpaka alfajiri halafu inalegea kuelekea adhuhuri. Umeona? Usiku wa manane mvuke umejaa, upepo umejaa, wateja wamefunga milango. Mara nyingine upepo unaambiwa upunguze, mapanga yanageuzwa ubavu yasishike hewa, stima inaachwa angani hivi hivi. Inauma.

Mwambie mwanafunzi kwamba upepo hauji kushindana na mvuke, rafiki yake ni maji. Maji unaweza kuyafunga. Upepo ukivuma, bwawa la Masinga kule Mto Tana linapumzika, maji yanabaki, upepo ukilegea jioni unafungulia, na mtambo wa maji unaongeza nguvu kwa muda mfupi sana. Yaani bwawa linakuwa betri ambayo tulishajenga zamani bila kujua tutaiita betri. Denmark zaidi ya nusu ya stima yao inatoka kwa upepo na hawana bwawa hata moja la maana, wanatumia milima ya Norway kupitia nyaya za chini ya bahari, ukivuma sana wanauza, ukitulia wananunua. Sisi tumeanza kuelekea huko, Ethiopia tumeungwa tangu 2022, Tanzania laini ya Isinya mpaka Singida ikawashwa mwisho wa 2024, Uganda ni zamani sana. Lakini mwaka wa ukame bwawa linaisha, na ukame wetu unaujua, na miaka hiyo ndio upepo unakuja kuwa na thamani mara mbili kwa sababu haungoji mvua.

Hesabu moja umpe akafanye: nguvu ya upepo inafuata kasi mara kasi mara kasi. Kasi ikishuka nusu, stima haishuki nusu, inabaki sehemu moja ya nane. Ataelewa kwa nini mtu wa gridi anakosa usingizi kwa mabadiliko madogo ya upepo, na utalihitaji tena swali la chini huko.

Hujambo Fundi. Mimi nafuga kuku Njoro, taa za vifaranga zinanimaliza. Waliposema stima ya upepo inakuja nikafurahi nikijua upepo ni wa Mungu haulipiwi. Mbona tokeni haishuki? – Mama Kuku, Njoro

Mama, upepo ni wa bure kama mvua ilivyo bure, lakini tangi la kuvunia mvua ulilinunua.

Gharama ya upepo yote iko mwanzoni. Mitambo, meli, barabara ya kufikisha mapanga Loiyangalani, mikopo. Wenye mradi walikopa pesa za Ulaya kwa hivyo mkataba wa kuwanunulia stima ni kwa yuro. Shilingi ilipolegea mwaka 2023, upepo haukubadilika hata kidogo lakini bei yake kwa shilingi ilipanda. Ukiangalia meseji ya tokeni yako kuna mstari wa foreksi, yaani wa thamani ya pesa za kigeni, yuro hiyo ni moja ya vitu vinavyouchochea. Wengi hawasomi pale, wanaangalia yuniti tu.

Halafu kuna ile hadithi ambayo kila nikiisimulia nakasirika upya. Mitambo ilikuwa tayari 2017. Laini ya kufikisha stima Suswa haikuwa tayari, mkandarasi wa kwanza kutoka Uhispania alifilisika katikati ya kazi, ikabidi atafutwe mwingine, laini ikawashwa Septemba 2018. Muda wote huo upepo unavuma, mapanga yapo, na mkataba ulisema kama mradi uko tayari na njia haiko basi mradi ulipwe hata kama hakuna stima iliyofika. Tukalipa mabilioni ya shilingi kwa stima ambayo hata kifaranga mmoja hakuiota. Sitasema mkataba wa hivyo ni wizi, mwenye benki hawezi kukukopesha bila kinga hiyo, ila aliyepanga mitambo imalize kabla ya njia alipanga vibaya.

Nzuri yake ni ipi? Angalia mstari mwingine kwenye tokeni, wa mafuta. Huo unapanda gridi ikichoma dizeli. Kila yuniti ya upepo inayochukua nafasi ya dizeli inaushusha, na unalipwa sawa nchi nzima kwa hivyo wewe Njoro unafaidika na upepo wa Marsabit na vilevile unaumizwa na mafuta yanayochomwa Muhoroni. Pale Muhoroni kuna mtambo uliohamishwa kutoka Embakasi 2016, unakunywa mafuta ya taa, na umewekwa pale kwa sababu huku Magharibi tuko mwisho wa waya, jioni volteji inashuka, taa zinakuwa za manjano, unahitaji mtu wa kusukuma kutoka karibu. Sio kwamba nchi haina stima wakati huo, mvuke uko Naivasha, shida ni kuufikisha huku. Ndio maana mimi nikisikia watu wanashangilia mitambo mipya nauliza laini iko wapi.

Kuhusu taa za vifaranga, fikiria jiko la mkaa lililofunikwa vizuri au sufuria za kuhifadhi joto usiku, na chunga hewa isibane. Stima iwe msaidizi.

Mkuu, niko Bungoma nafunga sola za nyumba. Kuna mteja anataka nimfungie mtambo mdogo wa upepo juu ya nyumba halafu auze stima kwa gridi. Ameona video. Nifanye? – Fundi mwenzako, Bungoma

Mwenzangu, usifanye, au ukifanya chukua malipo yako kabla.

Ile hesabu ya mwalimu hapo juu, ndio hii. Loiyangalani upepo wa wastani unazidi mita 11 kwa sekunde. Sehemu nyingi za huku kwetu ukipata nne umshukuru Mungu. Sasa kwa hesabu ile, theluthi ya upepo ni sehemu ya ishirini na saba ya nguvu. Na mitambo mingi haianzi kuzalisha kitu cha maana chini ya mita tatu au nne kwa sekunde, itasimama pale juu ya bati kama jogoo wa mapambo. Juu ya nyumba ni kubaya zaidi kwa sababu paa na miti vinavuruga hewa, inakuja kwa mizunguko, mtambo unatetemeka, na mteja atakupigia saa nane usiku akisema nyumba inalia.

Kando ya Ziwa Victoria ni hadithi nyingine. Wavuvi wa Mbita na Rusinga wanajua bila kupimiwa na mtu, alfajiri upepo unatoka nchi kavu unakusukuma ziwani, mchana baadaye unageuka unakurudisha na matanga yako. Huo ni upepo wenye ratiba, na ratiba ni kitu gridi inachopenda. Lakini hata hapo mtu mwenye akili anasimamisha mlingoti, anapima mwaka mzima kwa urefu ule ule ambao mapanga yatakaa, ndipo anaongea pesa. Video haipimi upepo. Mfungie sola, huo mtambo mwachie mwenye video.

Stima ikirudi baada ya giza la nchi nzima, mbona Nakuru mjini inarudi na sisi Molo tunangoja? Ni ubaguzi? – Bila jina

Si lazima ubaguzi. Gridi ikilala yote inaamshwa kama moto wa kuni mbichi, unaanza na kijiti. Mitambo mingi yenyewe inahitaji stima ili iwake, kwa hivyo inaanza ya maji, inalisha mtaa mmoja, inaamsha jirani, inaungwa, hivyo hivyo. Upepo unaingia baadaye kabisa, unangoja gridi iwe na uzito wa kuubeba. Wanaowasha wanaogopa sana mtaa ambao friji zote, pasi zote na heta zote ziliachwa kwenye swichi, kwa sababu unawaka kwa kishindo na unaweza kuangusha kila kitu tena. Zima vyako, acha taa moja ikupashe habari, stima ikirudi ngoja dakika kumi hivi.

Nina sola kwa paa hapa Milimani, Kisumu, ilifungwa bila betri. Jua linawaka lakini stima ya gridi ikipotea sola nayo inazima! Nimeuziwa feki? – Daktari wa meno, Kisumu

Hapana daktari, si feki. Inverta (kifaa kinachogeuza stima ya sola iwe ya kutumika nyumbani) ya namna hiyo inasikiliza ile mizunguko 50 ya gridi ndio ifuate, isiposikia kitu inanyamaza, na imetengenezwa kunyamaza makusudi, kwa sababu ingeendelea ingerudisha stima kwenye waya za nje ambako saa hiyo kuna fundi juu ya nguzo anayeamini hakuna moto. Ukitaka kung'oa jino gizani nunua inverta ya kujitegemea na betri, na uwekewe swichi ya kukutenga na gridi kwanza. Mwambie fundi akuonyeshe hiyo swichi inafanya kazi kabla hujamlipa salio.